Usibakize Hata Punje

Kasulu Mjini,
16 Juni 2024

Kwako Shangazi Kezia, masenge wangu mpendwa,

Amahoro. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yakikuruhusu kupanda kilima bila manung'uniko, na yule ng'ombe wako mwenye doa usoni akiwa bado hajaamua kuzaa siku ya Jumapili. Mimi ni mzima. Nimefika Kasulu juma lililopita kwa mafunzo ya vitendo katika ofisi ya ushirika, kabla ya kurudi Dodoma kuumaliza mwaka wa tatu wa masomo ya uchumi. Nimepanga chumba kwa Bi Mwajabu, yule mfanyabiashara wa chumvi na maharage aliyekuwa akinunua mazao ya marehemu baba. Asubuhi ukungu huingia hadi uani kwake, ukaketi kati ya masufuria kama mgeni aliyefika kabla ya wenyeji kuamka, nami husimama mlangoni nikidhani bado naota.

Lori lake, analoliendesha Athuman, ndilo linalokuletea barua hii likija Kibondo na chumvi. Najua una simu. Najua pia usemavyo, kwamba simu ni ya kutangazia misiba, na neno lenye uzito lataka karatasi.

Basi niingie kwenye shina la jambo. Tangu msimu huu maharage ya huku kwetu yatauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mavuno kwenye ghala la chama cha msingi, yanapimwa kwa mzani, anapewa stakabadhi, na siku ya mnada analipwa kwa bei iliyotangazwa mbele ya macho ya wote. Tafakari maana yake, Masenge. Ni nani aliyetupimia miaka yote hii? Ni mtu wa lumbesa, anayelishindilia gunia mpaka linaota kilemba, kisha akaliita gunia moja. Na ni nani aliyewahi kujua nchi hii imevuna kiasi gani? Taifa lisilojua kilichomo ghalani mwake litailindaje shilingi yake? Litapangaje, litakopaje, litakuwa na uso gani wa kuukataa mkopo mbaya? Tunalia kwamba dola zimeadimika, ilhali mali inayoweza kuzileta inavuka mpaka juu ya baiskeli, haina jina wala idadi, kama kitu cha wizi.

Jumatano nilipewa nafasi ya kusema kwenye mkutano wa kijiji cha Nyakitonto. Nilisema, Masenge, hata waliokuwa wakisinzia wakaacha. Kisha mama mmoja akasimama kule mwisho akauliza, kwa upole tu, kama watu wa nyumbani kwangu nao watapeleka. Nikamjibu mbele ya mkutano mzima kwamba shangazi yangu wa Kitahana atapeleka mavuno yake yote, na jina lako nikalitaja. Neno langu limesimama juu ya jina hilo. Nakusihi basi usipeleke nusu ukaficha nusu, kama wafanyavyo wenye hofu. Usibakize hata punje.

Bi Mwajabu, ambaye mpango huu unampokonya tonge mdomoni, alinisikia nikiyasoma haya kwa sauti. Akanisogezea sahani ya wali akasema, "Kula kwanza, mwanangu, ndipo unilaani vizuri."

Nimekula. Bado naamini.

Mwanao,
Ange Ndayisenga


Kitahana,
9 Julai 2024

Mwanangu Ange,

Amahoro na kwako. Barua yako ilifika ikiwa na unga wa chumvi kwenye mikunjo. Ng'ombe amezaa, na kweli alizaa Jumapili, mahubiri yakiwa katikati. Nusu ya kwaya ilitoka kwenda kutazama, na mchungaji akamaliza na wazee peke yao. Divine, yule jirani yangu aliyeolewa mwaka juzi, naye amepata mtoto wa kike. Magoti usiyaulizie. Ukiyaulizia yanajiona.

Nimechelewa kujibu kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Maharage niliyapeleka mapema, Bazilio akayakataa. Ni katibu wa chama, ni mtu mwema, na alikataa kwa adabu. Alisema mnunuzi wa mnada hataki mchanganyiko. Anataka gunia moja, rangi moja. Wewe wajua kwamba nyumba hii haijawahi kupanda rangi moja. Bibi yako aliyapanda pamoja aina zote saba, akayavuna pamoja, akayapika pamoja. Mvua ikizidi, meupe huoza na mekundu husimama. Jua likizidi, mekundu hulala na ya njano hutuvusha. Yale meusi madogo hayapendwi na mtu, lakini mwaka ambao vyote vilikufa yalibaki yenyewe. Hatujawahi kujua mwaka utakuja na sura gani, ndiyo maana tulipanda kwa kila sura.

Nikayarudisha nyumbani. Mimi na Divine tulikaa siku nne mkekani tukiyatenganisha. Siku ya tatu nilianza kuona rangi hata nikifumba macho.

Kisha nikaota. Nilimwona mama katika nyumba isiyo na paa, mawingu yakipita karibu na kichwa chake, naye anachambua maharage. Kila alipotenga mawili, yalirudiana. Alinitazama kana kwamba kuna mahali nilipaswa kuwa nami sikwenda. Hakusema kitu. Hakuwa msemaji hata alipokuwa hai.

Nimepeleka yote, kama ulivyowaahidi watu. Stakabadhi nimeiweka ndani ya Biblia, kwenye kitabu cha Ruthu. Kibuyu cha mama kipo mahali pake, juu ya meko.

Usimchoke Bi Mwajabu. Alishindilia magunia, sikatai. Lakini kwenye mazishi ya baba yako alikuja akavuka mto kwa miguu, daraja likiwa limechukuliwa na maji.

Shangazi yako,
Kezia


Kasulu Mjini,
28 Julai 2024

Masenge mpendwa,

Amahoro, na hongera kwa ndama, kwa mtoto wa Divine, na kwa kwaya iliyojua kipi cha kutazama. Hapa vumbi limeanza. Jioni milima huonekana kama imechorwa kwa majivu na mtu aliyeacha kazi katikati. Bi Mwajabu anakusalimu. Ananiita redio yenye betri mpya. Juzi aliuliza kama kuna kitufe.

Barua yako niliibeba hadi Nyakitonto, nikasimama mara ya pili, nikawaambia kwamba mwanamke wa Kitahana, mwenye magoti mabovu, ameketi siku nne mkekani akichambua mavuno yake punje kwa punje, na kwamba hakubakiza kitu. Siku iliyofuata foleni ya ghalani kwao ilifika barabarani. Masenge, jina lako limefanya kile ambacho mabango mawili ya bati hayakufanya.

Kuhusu ndoto, uniwie radhi. Ndoto si takwimu.

Mnada wetu umesogezwa mbele. Nakueleza sababu ili wasije wakakutisha kwa maneno ya vijiweni. Wanunuzi wakubwa ni wa ng'ambo ya mpaka na wa mbali zaidi, nao wanahitaji dola ili walipe. Nchi zao hazina dola za kutosha, na za kwetu hazitoshi kuwahurumia. Bidhaa ipo, mnunuzi yupo, na njaa ipo. Kisichokuwepo ni noti ya nchi ya mbali ambayo hata haili maharage yetu. Basi vyote vitatu vimesimama vikitazamana. Hayo ndiyo tunayosomea, na hayo ndiyo yatupasayo kuyavunja. Kwa sasa nchi inajikinga kwa akiba: benki kuu huweka fedha za kigeni pembeni, zikahesabiwa kwa miezi, kwamba hata tusipouza kitu tunaweza kununua mafuta na dawa kwa miezi kadhaa. Kadiri maghala yetu yanavyojaa na kuuzwa kwa haki, ndivyo miezi hiyo inavyoongezeka. Kila punje uliyoipeleka imo humo.

Athuman anasema safari zake zimepungua. Zamani alikuja na chumvi akarudi na maharage. Sasa anarudi mtupu, na lori tupu linakula mafuta yale yale. Barua zetu zitakawia. Hilo sikulifikiria.

Mwanao,
Ange


Kitahana,
1 Septemba 2024

Mwanangu Ange,

Amahoro. Wiki tano nimesikiliza kila lori barabarani, mpaka Divine akasema nimekuwa kizuizi cha polisi. Mtoto wake ameanza kutabasamu. Ndama ana doa la mama yake, ila upande wa pili, kama aliyelitazama kwenye kioo. Misitu imevaa majani mekundu, kama ifanyavyo kila mwaka kabla ya mvua, na nyuki wamelewa. Ukipita njia ya mtoni hewa yenyewe ni tamu, unatembea kama mtu aliye usingizini.

Nimesoma habari za akiba ya nchi mara nyingi. Nimeielewa nusu. Nina swali dogo, na usinicheke, mimi nimeishia darasa la tano: hiyo akiba inapandwa wapi? Nauliza kwa kuwa akiba ninayoijua mimi ni ile inayopandwa.

Mnada bado. Bazilio amekonda. Nilikwenda kumuuliza kama kuna njia ya mtu kurudishiwa bakuli moja tu, si gunia. Alinionyesha magunia. Mekundu yangu yamemiminwa pamoja na mekundu ya watu wote, na stakabadhi inataja kilo na daraja, haitaji punje ya nani. Alisema hata akitaka kuvunja sheria kwa ajili yangu, hajui aivunjie gunia gani. Nikamwambia haidhuru.

Nimeota tena nyumba ile isiyo na paa. Safari hii mama alikuwa amenyoosha mkono juu, kama anayetafuta kitu palipotundikwa.

Kibuyu ni chepesi siku hizi. Upepo wa mlangoni unakitikisa, kinagonga nguzo, na mimi naitika hodi.

Mvua ikitangulia mnada, usijali.

Shangazi yako,
Kezia


Kasulu Mjini,
15 Septemba 2024

Masenge,

Amahoro. Bi Mwajabu hajambo, mimi nina mafua. Nisamehe kwa ufupi wa salamu.

Barua yako niliisoma mara tatu, na mara zote tatu nikaisoma kama mjinga. Nilidhani unalalamikia ucheleweshaji, nikaanza kukuandalia hoja. Bi Mwajabu aliichukua mezani, akavaa miwani, akafika kwenye kibuyu, akaivua.

"Amepeleka mbegu," akasema.

Nilimbishia. Nikamwambia hakuna mtu wa nyumba yetu awezaye kukitoa kile cha juu ya meko. Bibi alikivusha mpakani mwaka wa sabini na mbili akikimbia mauaji ya kwao, baba yangu akiwa mgongoni na kibuyu kikiwa kifuani, na tangu hapo hakikuwahi kulala kitupu; hata mwaka wa njaa tulikula magimbi na kibuyu kikasikilizwa tu kwa kutikiswa. Nilipokuwa nikiyasema haya, nilisikia sauti yangu mwenyewe ikiisoma ile barua yangu ya kwanza: *hata punje*. Niliandika neno la kunogesha, Masenge. Lilikuwa pambo. Sikujua kwamba kuna mtu atakayelitii.

Nilikwenda ofisini. Nikaandika ombi, nikapiga meza kidogo. Walinijibu kwa upole kwamba mali iliyo ghalani haitoki kabla ya mnada, kwa sababu ikianza kutoka kwa bakuli itaisha kwa magunia. Ni jibu sahihi. Mimi mwenyewe ningelitoa, na ningepigiwa makofi.

Uliuliza akiba ya nchi inapandwa wapi. Haipandwi. Inalala. Kazi yake ni kutupa muda. Nimekaa na swali lako kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshike kidogo na mwenye mtoto hakurudi.

Nitakununulia mbegu dukani, zile zilizofungwa vizuri. Ni za rangi moja, lakini zinaota.

Kuhusu Nyakitonto sina jipya la kukueleza.

Mwanao,
Ange


Kitahana,
6 Oktoba 2024

Mwanangu Ange,

Amahoro. Mafua yako yameshapona, naamini. Chemsha majani ya mchaichai na uache kusoma ukiwa umelala. Divine na mtoto ni wazima. Mawingu yamekuja kutazama mara mbili, yakaondoka.

Mnada umefanyika. Lazima nikuambie kweli: bei ni nzuri. Sijawahi kuipata tangu nizaliwe, na mzani haukuniibia. Ulichosema kilikuwa kweli. Nimenunua mabati, jiko limeezekwa, halivuji tena. Maharage yamepakiwa siku ile ile yakaenda, mekundu na mekundu wenzao, meupe na meupe wenzao. Nilisimama barabarani mpaka vumbi likatua.

Mbegu za dukani usinunue.

Athuman ameniambia habari za Nyakitonto. Nyumba kumi na moja zilimwaga vibuyu vyao kwa ajili ya mwanamke wa Kitahana asiyebakiza kitu. Hukuniandikia hilo. Nami sikukuandikia langu. Tumetoshana, tuache hapo.

Unajiuliza kwa nini nilitii. Si kwamba sikujua pambo ni nini. Lakini mtoto akishasema mbele za watu, neno lake hubebwa na nyumba nzima. Ningebakiza hata kiganja, ungekuwa mwongo mkutanoni, na sisi ni watu ambao karatasi zetu za uraia bado zinanukia wino. Sikutaka mtu yeyote aseme watu wale hawana neno.

Sasa sikiliza. Mbegu ya nyumba hainunuliwi, huombwa. Mama aligawa bakuli mahali pengi alipokuwa na nguvu. Mimi nakumbuka nyumba tatu, zote katika kijiji cha Kumsenga, na nimemwelekeza Athuman. Aendaye kuomba hubeba kibuyu kitupu. Hupiga hodi, akaketi, akakiweka kizingitini, akanyamaza. Haelezi shida, hatoi sababu, na akipewa hashukuru. Mbegu ikishukuriwa haioti. Ndivyo mama alivyotufundisha, na ndivyo ilivyo desturi ya nyumba yetu.

Magoti yangu hayafiki Kumsenga. Athuman anakuletea kibuyu, nimekifunga kwa kitenge. Utakwenda wewe.

Najua hujawahi kunyamaza tangu siku uliyozaliwa. Mkunga ni shahidi.

Shangazi yako,
Kezia


Kasulu Mjini,
27 Oktoba 2024

Masenge mpendwa,

Amahoro. Nusu ya kibuyu umeshaipata kwa mkono wa Athuman kabla ya barua hii, naye atakuwa amekueleza kwamba sikupita Kitahana kwa sababu ya mvua iliyokuwa inatishia. Bi Mwajabu anakusalimu. Siku niliyorudi aliniangalia nikiingia bila neno, akauliza kama betri zimekwisha.

Nikueleze njia. Mimi na Athuman tulifika Kumsenga asubuhi, ukungu mzito kiasi kwamba nyumba zilikuja kwetu moja moja, kama zinazokumbukwa. Katika ya kwanza mwanamke wa umri wangu alikitazama kibuyu, akatikisa kichwa, akafungua mikono yake mitupu. Nao walikuwa wamepeleka yote. Maneno yalinijaa kinywani: kosa ni langu, tafadhali, acha nikueleze. Niliyameza. Yalikuwa na ladha ya chuma. Katika ya pili mzee Venanti alinipa bakuli lisilojaa, rangi tano, akarudi kwenye baiskeli aliyokuwa akiiziba pancha. Hakuniuliza mimi ni nani.

Nyumba ya tatu ni ya Bi Mpawenimana. Wajua ana umri gani? Hata yeye hajui. Niliketi kizingitini mpaka jua likautoboa ukungu. Wajukuu wake walinizunguka, mmoja akanipungia mkono mbele ya macho, mwingine akasema huyu dada ni bubu, na wote wakacheka, nami nikawa kama mtu anayezisikia kelele za dunia akiwa chini ya maji. Kisha bibi akatoka. Hakunitazama mimi. Alikiinua kibuyu, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye ule mshono wa uzi wa katani palipopasuka zamani. Akaingia nacho ndani. Alipokirudisha kilikuwa kimejaa hadi shingoni, kimechanganywa na majivu, na juu kabisa rangi mbalimbali zilikuwa zikinitazama.

Nilisimama niondoke bila kushukuru, kama ulivyoniagiza. Ndipo aliposema, kwa Kiha chake cha taratibu:

"Bibi yako alipita hapa na hiki hiki, kikiwa kimejaa. Aligawa nyumba hadi nyumba, hakusema neno. Mwaka mzima tulidhani ni bubu."

Kisha akaongeza: "Alikuwa anaogopa tusikie lafudhi yake."

Masenge, Kiha na Kirundi vyaelewana. Wangemwelewa vizuri sana, na ndiyo sababu alinyamaza, maana neno moja tu lingetosha kusema ametoka upande gani wa mpaka. Kwa hiyo alizunguka na mbegu, akawapa watu asiowajua chakula cha miaka, na kinywa akakifunga. Sisi tukaipokea ile hofu, tukaikalisha vizuri, tukaifundisha watoto, mpaka ikawa adabu. Sikumwambia kitu Bi Mpawenimana. Lakini nilipofika barabarani, ukungu ukiwa umebaki mabondeni tu kama maziwa yaliyosahauliwa, nilitamka jina la bibi kwa sauti, lote, kwa lafudhi yake ile ya nyumbani. *Ininahazwe.* Nilitamka mara mbili. Athuman alisema nilikuwa kama mtu anayeota kwa macho.

Kisha nilirudi Nyakitonto na nusu yangu. Nyumba kumi na moja, bakuli dogo kila moja. Hawakuwa na haja ya maelezo. Kila mlango ulikijua kilichonileta kabla sijaketi. Mwishoni nilisimama pale pale pa mkutano, nikawaambia kwamba mzani nilioutetea ni wa haki na bado nautetea, na kwamba niliwaambia wapime hata kisichopimwa, na hilo lilikuwa kosa langu, si la serikali, wala la mnunuzi, wala la dola. Hakuna aliyepiga makofi. Yule mama aliyeniuliza mwezi wa sita alikuwa amekumbatia bakuli lake. Akasema, "Safari hii umekuja na mikono."

Ripoti yangu nimeiwasilisha. Nimeandika kwamba kabla ya gunia kufika kwenye mzani, mbegu ya nyumba itengwe, isihesabiwe na isiulizwe, na kwamba nchi isiyotambua akiba hiyo itahesabu miezi ya dola huku wakulima wake wakiwa hawana kesho. Msimamizi alisoma, akaniambia ni maneno mazuri, kisha akaniuliza ni kilo ngapi, kwa kuwa jedwali lina safu ya kilo. Nilimwambia sijui. Aliniomba nikadirie. Niliiacha safu wazi. Huenda ikanigharimu alama, na huenda mtu mwingine ofisini ataijaza kwa niaba yangu. Nitalipigania hilo Dodoma, kwa sauti, maana sauti ninayo bado.

Keshokutwa nasafiri. Wingu limeshika milima yote.

Mwanao,
Ange


Kitahana,
24 Novemba 2024

Mwanangu Ange,

Amahoro huko Dodoma, ambako nasikia hakuna mti wa kumkinga mtu. Ndama amejua kukimbia na hajajua kusimama. Mtoto wa Divine hucheka kila amwonapo ng'ombe, na amwonapo mchungaji vile vile.

Mvua ilinyesha siku mbili baada ya Athuman kufika. Nilipanda kwa mkono wangu, Divine akachimba. Yameota. Nimepita mistari nikitazama majani, na nimepata aina sita. Yale meusi madogo, yasiyopendwa na mtu, hayamo. Nimetafuta kila mstari. Kama huko sokoni utayaona, usiyanunue. Mfuate mwenye nayo hadi kwake, upige hodi, uombe. Na ukiomba, sema. Sema jina lako na la bibi yako. Nimefikiri sana, nimeona desturi hiyo tumeitumikia vya kutosha.

Nimejaribu kukumbuka sauti ya mama akiwa kwa watu na sijaipata. Nilidhani ni tabia yake.

Najua si mvua iliyokuzuia kupita Kitahana. Siku ile anga lilikuwa jeupe mpaka jioni. Nilikuwa nimeketi barabarani. Likizo ijayo usione aibu. Utakuta chai.

Nimeiota tena nyumba ile. Sasa ina paa, mabati kama haya yangu. Mama alikuwa ndani, na alikuwa akizungumza, Ange. Alisema bila kukoma, kama wewe, mikono ikienda huku na huku. Mvua ilipiga mabati kwa kishindo, nami nilisimama mlangoni nikitega sikio. Maneno sikuyapata. Lafudhi niliisikia.

Shangazi yako,
Kezia